Mwenda Kwao Si Mtoro, Lakini Je, Ni Mwalimu?

Kila mwaka Julai ikielekea kwisha, uwanja wa ndege wa Kisumu huanza kupokea watu wenye mabegi mazito. Ni ndugu zetu wa Minnesota, wa Birmingham, wa Toronto, waliopata likizo na kuamua kwamba safari hii hawaji kula kuku na kupiga picha tu. Wanakuja kufundisha. Begi moja lina nguo, la pili lina kalamu za rangi na vitabu vya hadithi. Wanapanda gari hadi Siaya, Busia, Vihiga au Bungoma, wanalala usiku mmoja kwa nyanya, na kulipokucha wanaelekea shule ya karibu. Lango lina kufuli. Mlinzi, ambaye ukifuatilia nasaba utakuta ni mjomba wa namna fulani, anawaambia watoto walifunga juzi.

Si bahati mbaya, ni kalenda. Mwaka 2024 muhula wa pili ulikwisha tarehe 2 Agosti na wa tatu ukaanza tarehe 26. Mwaka 2025 ulikwisha tarehe 1 Agosti, ukafunguliwa wa tatu tarehe 25. Majira ambayo mtu wa ng'ambo anapata ruhusa ya kazi ndiyo hasa majira ambayo mtoto wa Emuhaya yuko nyumbani akichunga ng'ombe. Desemba nayo ni vivyo hivyo: masomo ya muhula wa tatu humalizika mwishoni mwa Oktoba, ikafuata mitihani ya kitaifa, na madarasa hayafunguliwi tena hadi Januari.

Hapo mgeni husema, basi tuwafundishe likizoni, watoto si wapo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Mwalimu mkuu anayekufungulia darasa katikati ya Agosti anakufanyia wema ambao gharama yake ni yake peke yake. Wewe utapanda ndege, yeye atabaki kuandika barua ya kujieleza.

Nimeanza na kalenda kwa sababu ni fundo jepesi kuliko yote, na bado watu hujikwaa nalo kila mwaka. Mafundo mengine ni magumu zaidi. Mimi nayajua kwa kuyapitia. Sikutoka ng'ambo. Nilizaliwa Nakuru, mtaa wa Kivumbini, na kwetu ni Bunyore, katika kaunti ya Vihiga. Nina cheti cha ualimu, nimeandikishwa na TSC, tume ya kuwasajili na kuwaajiri walimu, nilifundisha shule za kibinafsi za mjini miaka kadhaa, kisha nikaamua kurudi kwa babu nijitolee mihula miwili. Kutoka Nakuru hadi Luanda ni safari ya nusu siku kwa matatu, ukipitia Kericho na Kisumu. Kwa watu wa kijiji, hata hivyo, nilikuwa nimetoka mbali kama yule wa Minnesota.

Upungufu wa walimu ambao si wa walimu

Anayetaka kurudi kufundisha huongozwa na sentensi moja: "Shule za kwetu hazina walimu." Ni sentensi ya kweli na ya uongo kwa pamoja, na asiyeitenganisha hawezi kuelewa mengine yote.

Ingia shule yoyote ya msingi kati ya Luanda na Majengo, uliza walimu wa TSC ni wangapi na madarasa ni mangapi. Hesabu haitatosha. Hilo ni kweli. Sasa toka nje ya lango, panda bodaboda, muulize kijana anayekuendesha amesomea nini. Usishangae akikwambia ana diploma ya ualimu, au shahada ya elimu katika Hisabati na Fizikia. Muulize mama anayeuza mitumba sokoni, naye vilevile. Walioandikishwa na TSC ni wengi kuliko walioajiriwa na TSC, na wapo waliokaa miaka kumi baada ya chuo wakisubiri tangazo la nafasi. Walimu wapo. Kinachokosekana ni mishahara.

Pengo hilo kati ya mwalimu aliyepo na mshahara usiokuwepo limezaa aina mbili za walimu ambao msomaji wa ng'ambo huenda hajawahi kuwasikia. Wa kwanza ni mwanagenzi wa TSC. Mpango ulianza mwaka 2019: mwalimu aliyehitimu anafanya kazi yote ya mwalimu na kulipwa posho, ambayo baadaye ilifika Sh15,000 kwa mwezi katika msingi na Sh20,000 katika sekondari. Ilipoanza sekondari ya msingi, yaani JSS, Januari 2023, wanagenzi ndio walioibeba mabegani. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu ule ulivunja haki zao, muhula uliofuata wakagoma, na Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Kisha wakaajiriwa wanagenzi wengine.

Wa pili ndiye wa maana zaidi kwa makala haya: mwalimu wa BOM. Huyu huajiriwa na bodi ya shule yenyewe. Serikali humtengea kila mtoto wa shule ya msingi Sh1,420 kwa mwaka, na fedha hizo, hata zikija kwa wakati, zilikusudiwa vitabu, chaki na matengenezo. Hazikuwekwa za kulipa mwalimu. Kwa hiyo mwalimu wa BOM analipwa na wazazi, kwa mchango wa kila muhula ambao mwalimu mkuu huuomba kwa sauti ya chini kwa kuwa elimu ya msingi inasemekana ni ya bure tangu 2003. Mwezi mzazi akikosa, mwalimu anakosa. Mara nyingi huyu ni kijana wa kijiji hicho hicho. Hana pa kwenda, ndiyo maana yupo.

Katikati ya hali hiyo anaingia mtu wa kujitolea, amebeba moyo mweupe na shahada, anasema: mimi nitafundisha bure.

Nilisema hivyo hivyo. Nilipewa Sayansi Jumuishi na Hisabati, Gredi ya 7 na ya 8, vipindi vingi kuliko nilivyotarajia, nikafurahi. Wiki ya tatu nilipita soko la Luanda jioni nikamkuta dada mmoja tuliyekuwa tukiketi naye katika ofisi ya walimu, anapanga omena kwenye gunia. Alinisalimia vizuri, akaniongezea kiganja. Sikuuliza. Nilidhani ni kazi yake ya jioni, kama walivyo wengi. Nilikuja kujua kwa kusoma kumbukumbu za mkutano wa wazazi zilizobandikwa ukutani: shule imepata mwalimu wa kujitolea, binti wa hapa hapa, kwa hiyo mchango wa mwalimu wa BOM wa sayansi usimamishwe. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa upande wao. Wazazi wale hawakuwa na ubaya wowote. Nani alipe anachopewa bure?

Ndicho ninachotaka anayefunga begi akielewe kabla ya mengine. Mwalimu wa bure si mtu wa ziada shuleni. Anajaza nafasi ya fedha, na fedha ile ilikuwa ikila chakula katika nyumba fulani hapo karibu.

Karatasi

Sasa tuingie ofisini, kwa sababu huko nako kuna wanaodhani damu inatosha.

Sheria ya TSC ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kuandikishwa. Haisemi "isipokuwa anayejitolea." Kuandikishwa kunataka vyeti vya masomo, vyeti vya ualimu, fomu ya daktari, cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, namba ya ushuru na kitambulisho. Anayetaka kufundisha sekondari lazima awe amesomea ualimu: shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, au shahada nyingine iliyofuatwa na stashahada ya uzamili ya elimu. Maana yake ni kwamba mhandisi aliyejenga madaraja Texas, au daktari wa kemia, mbele ya TSC si mwalimu. Nimeona watu wakikasirikia jambo hili. Binafsi siwezi kulikasirikia, kwa kuwa nimeshaona mtu mwenye akili nyingi akiwapoteza watoto arobaini katika dakika kumi za kwanza. Aliyesomea ng'ambo, hata kama ni ualimu hasa, vyeti vyake hupelekwa kwanza vikatambuliwe na kulinganishwa na vya hapa, na shughuli hiyo haiishi kwa wiki mbili za likizo. Mwenye nia aianze akiwa bado huko.

Uraia una mkanganyiko wake. Kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa, Kenya haikukubali uraia wa nchi mbili. Mkenya aliyeapa kuwa raia wa Marekani mwaka 1998 alipoteza wa Kenya siku hiyo hiyo, ajue asijue. Katiba ya sasa inamruhusu aliyekuwa raia wa kuzaliwa kuurudisha, lakini kwa kuomba. Haurudi wenyewe kwa kuwa umeshuka Kisumu ukabusu udongo. Na mtoto aliyezaliwa ng'ambo ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake alikuwa raia siku ile alipozaliwa. Sheria inamtazama mzazi, haitazami kaburi la babu. Ukitaka kupitia kwa babu, itabidi kwanza uthibitishe habari za mzazi wako, cheti kwa cheti, na hapo ndipo watu hugundua kwamba baba alizaliwa nyumbani mwaka 1951 na hakuna aliyeandika mahali popote.

Asiye raia, hata kama ukoo mzima umekuja kumpokea kwa vigelegele, ni mgeni mbele ya idara ya uhamiaji. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inakataza mgeni kufanya kazi bila kibali, iwe kwa faida au bila faida. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowanasa wengi, kwa sababu hujitetea kwamba "mimi silipwi." Kibali cha wanaofanya kazi za dini na hisani kipo, cha daraja la I, na kuna pasi maalumu kwa muda mfupi, ila vyote viwili vinahitaji shirika la kukuombea. Kuingia kwa ruhusa ya utalii kisha kusimama mbele ya ubao ni kosa, na anayeulizwa wa kwanza ni mwalimu mkuu.

Shule nayo ina wenyewe zaidi ya mmoja. Ukiwa na barua ya mwalimu mkuu, bado kuna bodi, na ndani ya bodi mna wawakilishi wa wazazi na watatu wa mdhamini. Mdhamini kwetu ni kanisa: Quaker ukielekea Kaimosi, walikofika mwaka 1902; Anglikana upande wa Maseno, walioanzisha misheni na shule mwaka 1906; Church of God pale Kima; Wakatoliki sehemu nyingi. Makanisa haya yalijenga shule kabla hakujawa na wizara, nayo hayajasahau. Usishangae ukiulizwa unasali wapi.

"Wewe ni wa nyumba gani?"

Nilipofika mara ya kwanza na bahasha yangu ya vyeti, mwalimu mkuu aliiweka kando bila kuifungua. Akauliza: "Wewe ni wa nyumba gani?" Nilitaja jina la babu. Akatulia, akaita mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi uwanjani, akamwambia kwa Kinyore huyu ni mjukuu wa fulani. Mzee akanitazama miguuni hadi kichwani, akasema: "Ee, mwana wefwe. Umeolewa wapi?"

Sijaolewa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba "nyumbani" yangu ina nyufa. Kwa desturi za huku, binti ana nyumba kwa babake hadi aolewe, kisha kwao ni kwa mumewe. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyerudi boma la babake na begi lake huulizwa kwa upole kama mambo yamemharibikia huko alikokuwa. Kaka yangu angerudi, angeonyeshwa pa kujenga. Mimi nilionyeshwa chumba cha shangazi.

Ukivuka barabara upande wa Maseno, kwa ndugu zetu Wajaluo, neno lenyewe limegawanywa vizuri zaidi kuliko Kiswahili kilivyoweza. *Ot* ni nyumba, unaweza kuwa nayo popote, hata Nairobi. *Dala* ni boma, mahali palipoanzishwa kwa utaratibu wa kimila katika ardhi ya ukoo, mahali utakapozikwa. Nchi nzima ilijifunza tofauti hiyo mwaka 1987, baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986 na mjane wake, Wambui Otieno, kutaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ulikataa. Kesi iliendelea kwa miezi, magazeti yakiuzwa kama mkate, hadi Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, na Mei mwaka huo akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mtu aliyeishi maisha yake mjini aliambiwa na mahakama kwamba kwao ni kule alikozaliwa babake.

Mbali na dala kuna *jadak*, mtu anayekaa katika ardhi ya watu wengine kwa hisani yao. Anaweza kukaa vizazi vitatu, akaheshimiwa, akasaidiwa, na bado siku ya mgogoro akakumbushwa. Nalitaja neno hili kwa sababu sisi wa Nakuru tulilionja bila kulijua jina. Januari 2008, baada ya uchaguzi, mabasi na malori yalitoka Nakuru na Naivasha kuelekea Nyanza na Magharibi yakiwa yamejaa watu walioambiwa warudi kwao. Wengi wa watoto waliokuwa juu ya magodoro yale hawakuwahi kufika "kwao" hata siku moja. Hawakujua lugha. Walipofika waliandikishwa shule za karibu, wakakaa nyuma ya darasa. Baadhi ya wenzangu wa Kivumbini hawakurudi tena. Kwa hiyo mtu akiniambia kurudi kwenye ardhi ya mababu ni jambo tamu la moyoni, namuuliza: kwa hiari au kwa lori?

Yote haya yanaingiaje darasani? Yanaingia hivi. Mwalimu aliyetumwa na TSC kutoka kaunti nyingine ni mtumishi. Akimwambia mzazi mtoto wako hasomi, ni kazi yake. Mwana wa nyumbani akisema neno hilo hilo, ni ukoo mmoja unausema ukoo mwingine. Nilimwandikia mzazi mmoja barua kuhusu kijana wake mtoro, jioni akaja kwa shangazi kuuliza kama lile shamba la mpakani halijaisha mioyoni mwetu. Shamba gani? Sikuwa hata nimezaliwa. Upande mwingine wa sarafu hiyo ni kwamba nilipougua malaria, mama yake kijana yule yule ndiye aliyeniletea uji. Mwalimu mgeni angeletewa pole.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu wa nyumbani hapewi hata hizo mbili. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimechangia mazishi mawili na karo ya binamu, nimeombwa nafasi ya kazi Nakuru ambayo sina, na nimewekwa katibu wa kamati ya harusi. Anayepanga bajeti ya kujitolea aandike jambo hili juu kabisa, kabla ya chaki.

Kiluhya kipi?

Sera ya lugha haijabadilika sana tangu tume ya Gachathi ya mwaka 1976: madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza kichukue usukani. Mtaala wa umilisi umeshikilia hivyo hadi Gredi ya 3. Kwa mtu aliyekulia nje, hilo linamaanisha kwamba watoto wadogo, wale ambao wengi hutamani kuwafundisha kwa kuwa ni wapole na huimba, ndio hasa asioweza kuwafundisha.

Tena mtu hujifunza "Kiluhya" kwenye simu, akafika akiwa na maneno kumi, akakuta sita si ya hapa. Hakuna Kiluhya kimoja. Kuna Kinyore, Kilogooli, Kitiriki, Kibukusu, Kiwanga, Kisamia na vingine, na umbali kati ya Kilogooli na Kibukusu si wa mzaha. Katika miaka ya 1940 kamati iliundwa kutengeneza maandishi ya pamoja. Vitabu vilitoka, lakini watu waliendelea kusema kama mama zao walivyosema. Hapa Luanda, soko likiwa mpakani, mtoto wa miaka minane anabadili Kinyore, Dholuo na Kiswahili akinunua mandazi mawili. Maseno yenyewe, ambayo kaunti za Kisumu na Vihiga hazijamaliza kuivutana, ina ndimi mbili za namna hiyo.

Mimi nilitegemea Kiswahili, na Kiswahili kilinisaidia kuliko nilivyostahili. Ila Kiswahili changu cha Nakuru kina Sheng ndani yake, na watoto walikigundua siku ya kwanza. Nikisema "daro" badala ya darasa, wanacheka hadi kengele. Nilichojifunza ni kwamba mtoto akikucheka lugha hakudharau; amepata kitu ambacho yeye anakijua kuliko mwalimu. Niliwapa dakika tano mwisho wa kipindi wanifundishe neno moja la Kinyore kuhusu tulichosoma. Mvuke, mzizi, kivuli. Yule kijana mtoro alikuwa fundi wa shughuli hiyo. Bunyore ni nchi ya wapiga mvua. Ukoo wa Nganyi umejulikana kwa kazi hiyo vizazi vingi, hata watu wa idara ya hali ya hewa wamewahi kuketi nao kulinganisha utabiri. Kipindi changu kimoja kizuri kuliko vyote, kuhusu mzunguko wa maji, kilifundishwa nusu yake na kijana huyo akieleza ni miti gani babu yake huitazama kabla ya mvua za Machi.

Kuhusu kiboko, kwa kifupi: kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, sheria ya 2013 ikarudia, na utakikuta. Usikishike. Usikubali kupelekewa mtoto "umshughulikie." Kupiga kelele ofisi ya walimu siku ya kwanza hakutabadili kitu, lakini darasa linalotulia bila kiboko wenzako watalichungulia dirishani.

Kazi inayobaki

Ukiondoa miezi ambayo shule zimefungwa, ukaondoa vipindi ambavyo ni riziki ya mwalimu wa BOM, ukaondoa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha, na kama hujaandikishwa ukaondoa kufundisha kwenyewe, unaweza kudhani hakuna kilichobaki. Kimebaki, tena kikubwa, ila hakina picha nzuri.

Kimebaki kusoma. Tangu 2009 tafiti za Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zimekuwa zikipita nyumba kwa nyumba na kukuta jambo lile lile: watoto wengi wako madarasa ya juu na hawawezi kusoma hadithi ya Gredi ya 2. Mwalimu mwenye watoto sitini hana nafasi ya kuketi na mmoja. Mtu mzima anayesikiliza mtoto akisoma ukurasa mmoja kwa sauti, kila siku, muhula mzima, hafundishi mtaala, hamwondoi mtu kazini, na mwalimu wa darasa yupo pale pale. Mtaala wa sasa pia unawataka walimu walete watu wa jamii darasani kama wajuzi wa jambo fulani. Mhandisi wetu wa Texas ana kipindi chake hapo, mwalimu akiwa ameketi nyuma, na kama ni raia au ana kibali, havunji sheria. Yupo pia wa kumsaidia mwalimu mwenyewe: JSS ina masomo 9, shule nyingi zina walimu wawili au watatu wa kuyagawana, na mtu wa historia anafundisha umeme. Huyo hahitaji mtu wa kumnyang'anya kipindi. Anahitaji mtu wa kukaa naye Jumapili jioni wakiandaa andalio la somo, na hilo linafanyika hata kwa simu kutoka Toronto.

Na kuna hesabu ambayo watu hawapendi niifanye. Chukua nauli yako ya kwenda na kurudi, ugawe kwa Sh15,000, posho ya mwanagenzi wa msingi. Jibu ni miezi ambayo mwalimu wa kijiji, aliyehitimu, anayejua lugha, na asiyeondoka Agosti, angelipwa. Anayetuma hivyo apitishie akaunti ya shule, adai risiti, aseme mapema itaisha lini. Kutuma pesa kuna aibu zake, na hakukupi nafasi ya kulijua jina la mti wa mvua. Sikusema usije. Nasema hesabu ipigwe.

Mimi nilipogundua habari ya omena nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikaomba vipindi vya sayansi virudishwe kwa mwenyewe, nami nipewe kabati la vitabu na watoto wasiosoma, Gredi ya 4 hadi ya 6, saa za mchana. Alisema si uamuzi wake, ni wa wazazi. Mkutano ukaitwa chini ya mwembe. Baba mmoja, mjomba wangu kwa upande wa nyanya, akasimama akauliza kwa adabu kabisa: kwa nini binti ambaye karatasi anazo, na ni damu yetu, anakataa kutufundishia bure, halafu anataka tumlipe mtu mwingine kwa kazi ile ile?

Nilijaribu kueleza. Nilisema juu ya nikirudi Nakuru itakuwaje. Akasema, "Kwani unarudi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Dada wa sayansi alikuwa ameketi mstari wa nyuma, hakuinua macho. Mwishowe walipiga kura kwa mikono, ikapita kwa tofauti ya watu wachache, mchango urudi muhula utakaofuata. Wengine walitoa pesa. Wengine walileta mahindi, na mwalimu mkuu akayapima kwa gorogoro na kuandika daftarini. Mjomba hakutoa kitu muhula ule, na bado hajanisalimia kwa mikono miwili.